Pete ya Henzirani

Fundi mmoja hapa Makadara hutengeneza viti kwa mataruma ya zamani ya reli. Msumeno ukiyakata, hutoa harufu ya lami iliyochomwa na jua, nami hupunguza mwendo hata nikiwa nimechelewa kazini.

"Hii mbao mchwa hawaigusi, mathe," huniambia.

Nyumbani kwetu kulinuka hivyo. Baba alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo karibu na pwani, katikati ya mikorosho. Treni isiyosimama ilipokaribia, aliinua pete kubwa ya mwanzi wa henzirani yenye kibali cha njia. Dereva alipenyeza mkono ndani ya pete, akaenda nayo. Bila pete hiyo hakuruhusiwa kuendelea mbele.

Asubuhi moja nilikuwa nimemshikia Baba kofia, maana upepo wa treni uliwahi kuipeperusha. Treni ilikuja, ikapiga honi, ikapita. Dereva alitupungia mkono tu. Baba akabaki ameinua pete mpaka behewa la mwisho likapita.

"Baba, atafikaje bila pete?"

"Siku hizi wanapewa njia kwa redio. Barua ilikuja wiki jana."

"Sasa mbona ulisimama?"

Alichukua kofia yake mikononi mwangu, akaikung'uta vumbi.

"Nilidhani huenda huyu hajasoma barua yake."

Jioni nilimkuta ameketi mlangoni, anaipaka pete mafuta ya nazi ili henzirani isikauke.