Majani ya Viazi

Juzi nilifungua kitabu cha kilimo cha binti yangu nikakuta picha ya mtu akifyeka majani ya viazi. Chini yake wameandika kwamba majani hukatwa wiki mbili kabla ya kuvuna, ili ganda likomae na viazi visioze kwenye gunia. Nilikifunga kwa kishindo hadi mtoto akashtuka.

Nilikuwa kidato cha kwanza, na kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake kwenye shamba la shule. Alasiri hiyo nilifyeka majani yangu kama tulivyofanya kwetu Kuresoi. Harufu yake chungu ilikuwa bado mikononi mwalimu aliponishika sikio.

"Nani amekufunza huu upuzi?"

"Mamangu."

"Na mamako alisoma hadi darasa la ngapi?"

Darasa zima lilicheka. Alinipa sufuri, na mimi, mjinga, niliamini kwamba mtu mwenye chaki hawezi kukosea.

Hasira yangu kwa huyo mwalimu haijaisha, na sitaki iishe. Lakini kubwa zaidi ni ile niliyo nayo kwangu mwenyewe. Likizo ilipofika nilimkuta mama ameinama shambani, panga mkononi, anafyeka. Nikamwambia mbele ya majirani, "Mama, wewe hujui kilimo."

Alinyoosha mgongo, akaweka panga chini.

"Basi nifunze," alisema, na hakuwa anatania.

Viazi vilipooza kwenye magunia, aliwaambia watu ni mvua.