Kola ya Joho la Mmadi

Moinaecha alilitambua joho likiwa bado limekunjwa mikononi mwa mwanamke wa Kizungu. Kola aliitarizi mwenyewe kwa uzi wa dhahabu, kwa mshono aliofundishwa na mama yake kule Mutsamudu, kisiwani Nzwani, na upande wa kushoto palikuwa na jani moja lililopinda.

Alilitarizi kwa ajili ya mumewe, Mmadi. Ndiye aliyemtoa Mutsamudu akiwa msichana, akamweka Moroni katika nyumba ya mawe meusi isiyopigwa lipu, wakala ndizi za kuchemsha miaka na miaka ili akiba ya ndoa kuu itimie. Katika kisiwa hicho cha Ngazija mwanamume hahesabiwi mtu mzima mpaka afanye ndoa kuu. Kabla ya hapo hana kauli uwanjani kwa wazee, wala joho halimhusu. Moinaecha alidhani bibi harusi atakuwa yeye. Mmadi alikwenda kuoa binti wa mjini kwao, Itsandra, maana ndivyo mila ilivyotaka, na mgeni wa Nzwani akapewa talaka. Joho alilokwenda nalo harusini ni lile lile.

Tangu hapo Moinaecha, aliyebaki Moroni akiishi kwa kushona na kutarizi, hakumwamini mtu. Hata mafuta ya taa akishapimiwa dukani aliyapima upya nyumbani. Lakini miaka ile ya mamluki wa Kizungu hilo halikuwa lake peke yake. Gari la gadi ya rais, waliyoiongoza wao, likipita, mtaa mzima ulishusha sauti.

Mwanamke huyu aliyeleta joho alikuwa mke wa mmoja wa hao mamluki.

"Nataka makoti ya wanawake," alisema, kwa maneno machache ya kununulia samaki sokoni. "Kola hii hii. Paris watapenda."

"Joho umelipata wapi, Madamu?"

"Bwana mmoja, Mmadi. Ameniuzia."

"Na makoti yatakuwa na jina la nani?"

Madamu alicheka. "Langu. Duka la huko si langu?"

Anayecheka kabla hujacheka wewe ana lake jambo, Moinaecha aliwaza. "Liache," alisema. "Nitalitazama."

Kesho yake alikuja Fundi Tadjiddine, mwalimu wa dini na mkubwa wa wazee wa mtaa, na nyuma yake Mmadi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Moinaecha, mwanangu," Fundi alianza, "nasikia joho la mtu mzima litavaliwa na wanawake wa Ulaya, mabega wazi. Watu wamechinja ng'ombe kwa ajili ya vazi hilo. Hiyo ni heshima yetu inaibwa."

"Kweli, Fundi. Muulize Mmadi limewafikiaje Wazungu."

Mmadi alitazama makubadhi yake. Fundi alikohoa. "Hayo tumeshayazungumza. Tumeona isemwe kwamba joho liliachwa kwako litiwe viraka, likapotelea hapa."

"Kwa hiyo mwizi ni mimi."

"Mzembe tu. Wewe ni mgeni, utasahauliwa. Yeye ana jina mjini."

"Ni mila yetu," Mmadi alisema. "Usituuze kwa Wazungu."

"Nani kauza?" Moinaecha hakupandisha sauti. "Ukilivaa wewe ni mila, akilivaa Mzungu ni wizi. Na mimi niliyelitarizi, nikilivaa?"

"Mwanamke havai joho," Fundi alimjibu taratibu, kama anayemsomesha mtoto.

Aliwaambia warudi Ijumaa kulichukua. Akakaa na lile joho mapajani. Akimpa Madamu, kazi ya mama yake ingetembea Paris kwa jina la mwingine. Akiwapa wazee, ingerudi begani kwa Mmadi, na yeye abaki mzembe wa Nzwani.

Madamu aliporudi, alimwambia, "Wazee wamelichukua, liko msikitini."

"Nitamwambia mume wangu."

"Mwambie. Akavunje mlango wa msikiti."

Madamu aliondoka. Mumewe alikuwa amesilimu, kila Ijumaa alikaa safu ya mbele ili aonekane.

Wazee walipokuja, aliwaambia, "Watu wa gadi wamekuja na gari, wamelichukua. Nendeni kambini mkalidai."

Fundi aligeuka akatazama barabara. Jirani wa Moinaecha, Chamsia, ambaye hakuulizwa, aliapa kwamba gari alilisikia kwa masikio yake. Hakuna aliyekwenda kambini.

Moinaecha alirudi Mutsamudu kwa meli, joho likiwa chini ya gunia la muhogo. Anaishi katika nyumba ya mama yake, kwenye kichochoro chembamba ambacho watu wawili hawapishani bila kugusana. Asubuhi za baridi hulivaa anapopuliza moto. Dhahabu ya kola imeanza kuingia moshi. Hodi ikipigwa, huuliza ni nani, na akijibiwa huuliza tena, huku amekwisha kulivua na kulikalia.