Chandarua cha Watu Wawili

Asubuhi hiyo nilikuta vipepeo weupe ndani ya chandarua.

Siyo nje. Ndani.

Na chandarua chenyewe nilikifunga kwa mikono yangu, pindo zote nikazifukia udongoni na kuzikandamiza kwa mawe. Hata upepo ulikuwa unaingia kwa kuomba ruhusa.

Nikabaki nimeduwaa, ndoo ya maji mkononi.

Utajiuliza chandarua kinafanya nini bustanini. Ni hivi. Mke wangu alifariki akiwa ameacha miche ya kabichi kitaluni, bado midogo. Nikaihamishia mwenyewe kwenye tuta nyuma ya jiko, mimi ambaye kazi yangu maisha yote ni kushona viti vya magari. Nilichotaka ni kimoja tu: nile kabichi zake za mwisho.

Dawa ya wadudu sikutaka kuigusa, maana yeye hakuwahi kuipuliza. Alikuwa akisema dawa ya nini wakati ana mikono. Nikadhani ni maringo tu.

Chandarua chetu kilikuwa cha sita kwa sita. Kulala peke yangu chini ya kitu kikubwa hivyo kulinitesa. Nikakishusha, nikazifunika kabichi.

Tangu hapo nikawa namwagilia juu kwa juu, sifunui. Mlango wa mbele nao ukawa haufunguliwi. Simu za shemeji yangu, mdogo wake marehemu, niliziacha ziite mpaka zichoke. Sauti yake inafanana mno na ya dada yake.

Basi, hao vipepeo. Jirani aliwaona kupitia juu ya ukuta, akaninong'oneza kwamba huyo ni marehemu, amekuja kuangalia kabichi zake. Sitadanganya, nilitamani iwe kweli. Nilivuta kigoda, nikakaa, nikawasalimia.

Jirani akaona hali si hali. Akampigia shemeji.

Shemeji alifika mchana, akanikuta pale pale kwenye kigoda. Aliinama, akaondoa mawe, akakifunua chandarua chote.

Jamani.

Majani yalikuwa yamebaki vishipa vitupu. Viwavi wa kijani wamenona, wametulia kama wapangaji wasio na wasiwasi na mwenye nyumba.

"Shemeji, uligeuza majani kabla ya kufunika?"

"Niyageuze ya nini?"

Akashika jani lililosalia, akanigeuzia. Upande wa chini kulikuwa na mayai madogo ya manjano, yamebanana.

"Mayai kama haya yalikuwemo siku ile unafunika. Wameanguliwa humo humo, wamekula, wameota mabawa. Ndege hawaingii, nyigu hawaingii. Umewalinda wao, shemeji."

Nikauliza marehemu alifanyaje basi, mbona kabichi zake zilikuwa safi. Akaniangalia kwa huruma.

"Si alikuwa anazigeuza kila asubuhi? Jani kwa jani. Anaponda mayai kwa kidole, huku anawasema viwavi."

Kila asubuhi nilikuwa nikimsikia akiongea bustanini, nami kitandani nikidhani yuko kwenye simu. Miaka yote hiyo sikuwahi kutoka kumuuliza anaongea na nani.

Nililia mbele ya shemeji bila aibu. Naye akalia. Kumbe zile simu alikuwa anapiga kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumlilia dada yake.

Baadaye tukashika kazi, tukageuza kilichobaki. Kabichi moja ilikuwa imefunga katikati, ndogo kama ngumi. Tuliichemsha, tukala sahani moja, wawili.

Ukitaka kufunika kabichi zako, funika. Chandarua kinasaidia kweli. Ila geuza majani kwanza, uone unafungia nini ndani.

Na wewe uliyejifungia na msiba wako ukidhani unajilinda, hiyo simu inayoita, pokea.