Mwanamume Anayefagia Geti Likiwa Limefungwa

Jumamosi alfajiri nilienda kwa jirani mmoja hapa mtaani Munuki kuomba kaa la moto. Geti lilikuwa limefungwa, lakini ndani nilisikia mtu anafagia kwa nguvu. Nikabisha. Ufagio ukanyamaza, miguu ikakimbia, kisha mke akanifungulia, ufagio mkononi, uso mkavu kabisa. Mumewe alikuwa kwenye kiti, anahema, jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

"Mbona jasho, baba?"

"Ni jua, habuba," akajibu, akiniita bibi kwa Kiarabu cha hapa kwetu.

Jua lilikuwa halijatoka.

Mke akanivuta jikoni. "Habuba, tafadhali usiambie watu. Daktari alisema asipotikisa mwili kila siku, sukari itamla mguu. Wakimcheka, ataacha."

Hawa ndio wanaume wetu: afadhali wakatwe mguu kuliko kuonekana wameshika ufagio! Kunyamazia ujinga kama huu kunaniwasha ulimi, lakini yule mwanamke anahitaji mume mwenye miguu miwili, kwa hiyo hata hapa sitaji jina.

Nikatoka na kaa langu, nikasema kwa sauti: "Binti yangu, umefagia vizuri, ila nyuma ya jiko umeacha takataka."

Aliyegeuka kutazama nyuma ya jiko ni mume.