Swali la Fundi Matairi

Jumanne moja ya mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa nimekaa mlangoni kwangu hapa Karatu nachambua maharage ya mbegu, simu ikaita. Alikuwa dereva mmoja wa watalii, mtu mzima sasa, niliyemfundisha hesabu enzi hizo. Akaniamkia haraka kuliko kawaida yake, nami nikajua kuna jambo. "Mwalimu, fundi ametutoka," akasema. Presha ilimwangusha Jumapili akiwa anafunga tairi la gari lililokuwa linapanda kwenda kreta ya Ngorongoro, wakamkimbiza hospitali, hakuzinduka tena. Nikamshukuru, nikakata simu, nikaendelea na maharage yangu. Nilipokuja kuangalia bakuli, nilikuwa nimechanganya mazima na yaliyobunguliwa, kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Mke wangu hayupo tena duniani, watoto wako mbali, na ndani ya nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia kwamba fundi amekufa. Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaosoma safu hii.

Wanaopita barabara ya Ngorongoro wanakijua kibanda chake cha bati, kompresa yake yenye kelele za kuudhi, na matairi chakavu aliyoyapanga yakawa uzio. Gari la watalii likipata pancha lilikuwa linaishia kwake. Wageni wanashuka, wananyoosha miguu, wanazungukwa na wauza shanga na vinyago. Fundi hakuwa na cha kuwauzia. Yeye alikuwa anawauliza swali. Tabia hiyo ilimwanza mwaka ule Urusi ilipoingia Ukraine. Anafungua nati huku anauliza wametoka nchi gani, wakishataja, anamgeukia dereva: "Hebu niulizie. Jirani alipovamiwa, nchi yao ilifanyaje?" Madereva walikuwa wanaona aibu. Mtu amekuja kuangalia simba, wewe unamletea vita! Yupo mmoja aliyekuwa anawatafsiria wageni kwamba mzee anauliza kama wamebahatika kuona faru. Basi mgeni anafurahi, anainua vidole viwili. Siku hiyo fundi alinijia na uso wa mtu anayewaza sana, akaniuliza ile nchi imepeleka nini viwili, vikosi au ndege. Nilicheka mpaka nikakohoa, maana dereva alikuwa ameshanisimulia, na nilipomweleza alikasirika kwa siku tatu.

Lakini wapo madereva waliotafsiri kwa haki, na majibu alikuwa ananiletea jioni, kwa sababu nyumba yangu iko njiani kwake kuelekea kituo cha magari ya kijijini kwao Qurus. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, anakunywa chai yangu, ananisomea mataifa. Hawa walituma silaha. Hawa waliwafungia Warusi benki zao. Hawa walilaani kwa maneno makali, halafu wakaendelea kununua gesi kwa yule yule waliyemlaani. Bwana mmoja alimwambia kwamba jambo lile ni gumu, lina historia ndefu, si la kuhukumu haraka. Fundi akamrudishia kupitia kwa dereva: gumu kwa nani? Yule bwana akaangalia saa.

Nilimuuliza kwa nini vinamkera hivyo vita vya watu wasiomjua. Akanijibu kama mtu anayemjibu mtoto asiyetumia akili. Fundi huyu alikuwa askari kijana wakati majeshi ya Uganda yalipoingia Kagera. Alitoka kwao Qurus, kwenye baridi na ngano, akapelekwa kwenye migomba ambayo hajawahi kuiona. Kuhusu mapigano yenyewe hakusema mengi, na mimi sikumchimba. Alilokuwa analirudia ni redio. Walikuwa wamejilaza kwenye matope, redio ya mkuu wao inaeleza kwamba viongozi wenzetu wa Afrika wanaziomba nchi zote mbili zitulie na zimalize tofauti zao kindugu. "Zote mbili, mwalimu," alikuwa ananiambia. "Mtu amelala kwenye kitanda chako, wewe uko nje mvuani, halafu anakuja mpatanishi anawaambia nyote wawili acheni fujo." Walioandika matamko waliandika. Msumbiji walikuja. Alimkumbuka askari mmoja wa Msumbiji aliyemgawia biskuti ngumu, hawakuelewana hata neno, wakawa wanatazamana tu na kutafuna. Kwa fundi, biskuti ile ilikuwa na uzito kuliko hotuba zote za bara hili.

Siku moja alipita mama wa makamo kutoka Poland. Alipoulizwa, hakuzungumzia serikali yake hata kidogo. Alisema binti yake alimpokea mama mmoja na watoto wake wawili waliovuka mpaka na begi moja, akawapa chumba chake, yeye akawa analala jikoni. Fundi aliweka spana chini. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaifuta, ndipo akampa mkono. Yule mama naye akamuuliza: na nyinyi, nchi yenu ilifanyaje? Fundi akaokota spana yake. Miaka yote ile ya kuuliza wenzake, hakuwahi kujiuliza. Jioni akaja kwangu moja kwa moja, hata chai hakuitaka. Mimi husoma magazeti, kwa hiyo nilijua. Nikamwambia kwamba mataifa yalipoitwa kupiga kura kuhusu uvamizi ule, sisi hatukupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Tulikaa pembeni, sisi na wengine wengi.

"Sisi?" akauliza.

"Sisi."

"Sisi wa Kagera?"

Nikaanza kumfafanulia. Nikamwambia nchi ndogo haina budi kuwa na tahadhari, kwamba kuna ngano na mafuta na mbolea, kwamba kutofungamana na upande ni msimamo wa tangu zamani, na kwamba wakubwa wanaotuhimiza leo hawakutuhimiza walipokuwa wanavamia wao. Yote hayo ni kweli, na ningeweza kuyaandika tena leo bila kuona haya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kila nchi aliyoiuliza ilikuwa na maelezo mazuri kama hayo, akaaga.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa napakwepa tangu mwanzo wa makala hii. Miaka mingi iliyopita fundi aligawiwa na baba yake shamba huko Qurus. Kwa watu wa kule mpaka hauwekwi kimyakimya. Majirani wanaitwa, linachimbwa shimo, linafukiwa jiwe, juu yake inapandwa miti ya minyaa, halafu walioona wote wanakunywa pombe ya mtama kwenye kibuyu kimoja. Ukishakunywa kibuyu kile, umekuwa shahidi mpaka kufa kwako. Mimi si mtu wa ukoo wao, lakini nilikuwa nafundisha shule ya pale, fundi alinialika, nikaenda, nikanywa. Tulikuwa mashahidi wanne.

Msimu wa kilimo wa mwaka juzi, jirani yake alikodi trekta. Trekta lilipita kwenye minyaa likaing'oa, likaendelea kulima hatua kumi na tano ndani ya shamba la fundi, urefu wote, kutoka barabarani hadi korongoni. Jirani akasema ndipo mpaka ulipokuwa tangu zamani. Jiwe lilikuwa chini ya udongo uliolimwa, na kujua pa kuchimba kunataka mtu aliyekuwepo. Kikao cha majirani kikaitishwa. Fundi akaja kwangu, akavua kofia, akaniomba niende nikaseme nilichokiona. Mashahidi wengine wawili walikuwa wameshakufa, na wa tatu alikuwa kitandani, hatambui mtu.

Msomaji wangu, yule jirani namfahamu. Tunasali kanisa moja. Usiku mke wangu alipozidiwa, ni yeye aliyetoa pikapu yake akatupeleka hospitali, akakaa nasi mpaka kukapambazuka, na siku ya mazishi alibeba jeneza. Ningesimamaje mbele ya watu nimwambie mwizi? Nikamwambia fundi kwamba wote wawili ni watu wangu, kwamba nikisema nitaongeza moto, kwamba afadhali wakae wazungumze kindugu. Ndiyo, nililitumia neno hilo hilo. Nililisikia linavyotoka mdomoni na sikulirudisha.

Fundi akavaa kofia yake. "Sawa, mwalimu," akasema. "Na wewe hukupiga kura."

Hakupandisha sauti. Kikao kilikaa bila mimi, kikawashauri wote wawili watunze amani mpaka ukweli utakapojulikana. Wakatunza. Mahindi ya kwenye zile hatua kumi na tano yakakomaa, jirani akavuna, akapanda tena, akavuna tena. Fundi aliendelea kunitengenezea tairi za baiskeli, aliendelea kuniamkia. Ila jioni alikuwa anapitia njia ya juu, ya kanisani, na kigoda chake kilibaki tupu. Sikujua upweke wa jioni unavyokuwa mpaka mtu huyu alipoacha kuja kunisomea mataifa. Nilijiambia nitamfuata nikamuombe radhi mvua zikiisha. Mvua ziliisha mara nne.

Tulimzika Alhamisi ya wiki ile ile, kwenye shamba lake. Yule jirani alikuja, akashika koleo akafukia kwa bidii kuliko wengi wetu, na machozi yalimtoka. Sidhani alikuwa anaigiza. Mtu anaweza kulia kwa dhati kwenye kaburi la mtu ambaye yeye mwenyewe alimmegea shamba, na kwa jirani yule huzuni na zile hatua kumi na tano vimekaa pamoja bila kugombana. Baada ya chakula mjane wa fundi alinifuata nilipokuwa nimekaa peke yangu. Aliniuliza wale walioona jiwe likifukiwa wamebaki wangapi. Nikamwambia yule wa tatu naye alishafariki, nimebaki mimi. "Nilidhani hivyo," akasema, akaendelea kukusanya sahani. Hakuniomba kitu, na nilitamani aniombe. Kutoka pale nilipokaa niliyaona mahindi ya jirani, yamefika karibu kabisa na udongo mpya wa kaburi. Mwakani, trekta likipita tena, litafika wapi?

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Nilidhani kukaa katikati ni kutokuwa upande wowote. Lakini mpaka ukishasogezwa, katikati nayo inasogea, na anayekaa hapo anakuwa amekaa ndani ya shamba la aliyeonewa. Wakubwa wa dunia wana majeshi na masoko ya kuhofia. Mimi nilihofia kukosa mtu wa kukaa naye benchi moja kanisani, na sasa nimemkosa mtu wa kunywa naye chai. Najua Jumapili hii benchi langu litakuwa na nafasi kubwa, maana jirani yule husoma safu hii, na hata asiposoma watamsomea. Alinisaidia usiku mbaya kuliko wote wa maisha yangu na nitamshukuru hadi kufa. Hata hivyo, hilo halibadilishi jiwe lilipo.

Mjane amepeleka shauri kwenye baraza la ardhi, na linasikilizwa Jumatatu. Nimeamua kusema hapa kwanza, mbele yenu wote, ili nisipate pa kurudia nyuma. Ukisimama kwenye kona ya chini ya shamba la fundi, korongoni, penye mwamba mweusi uliopasuka, geukia barabarani, hesabu hatua arobaini, uchimbe. Jiwe ni jeupe, lina ukubwa wa kichwa cha ndama. Tulilishusha watu wanne, na mimi nilishika upande wa kushoto. Nilikuwepo, nikaona, nikanywa.