Hita ya Babu Ukutani

Nilipanda treni Tunduma, nikalala nimekaa, nikapita Mlimba asubuhi ukungu umefunika majaruba ya mpunga, nikashuka Ifakara mgongo umekufa ganzi. Kutangatanga kwangu kote kulikuwa hakujanirudisha huko. Safari hii baba mdogo alinipigia simu: "Nyumba ya bibi yako naibomoa. Ukitaka kuiona, njoo."

Sebule ilikuwa tupu. Ukutani yalichomoza majembe mawili yenye kutu, na palepale nikaisikia tena harufu ya ngozi.

Utacheka nikikwambia kwamba sisi, kwenye joto lile, tulikuwa na hita ya umeme. Babu aliileta kutoka Mufindi alikofanya kazi kwenye mashamba ya chai yenye baridi, akafa kabla ya kuifunga. Tangu mazishi, bibi akawa anatetemeka. Jua linachoma, yeye kajifunika blanketi, chakula hataki, anakwisha. "Baridi yake kaniachia mimi," alikuwa akisema. Tukaogopa tutamzika naye.

Baba mdogo akaamua kuifunga. Sakafuni haikufaa, masika maji huingia ndani, na kwetu kila cha thamani huning'inizwa. Vyuma vyake vya kushikia ukutani havikuwepo, kwa hiyo akapigilia mikia ya majembe yaliyolika katikati ya matofali. Jirani yetu Msukuma akaleta kanda za ngozi mbichi ya ng'ombe za kuifungia kwenye majembe hayo.

"Ninyi wala mpunga, hata chuma cha kutundikia hamna?"

"Funga, mtani, acha maneno. Huyo ng'ombe alinenepa kwa mpunga wangu."

"Haya. Ila ikikauka hii, haiachii hata uipigie magoti."

Hita ilipopata moto, ngozi ikakaza, ikaanza kulia: krr, krr, taratibu, vilevile kama babu alivyokuwa akisafisha koo kabla ya kusema neno. Utani ukaisha. Bibi akavuta kigoda chini ya hita, akaketi.

"Nipo," akaitika.

Jioni ile aliomba wali na kambale. Akawa anakaa hapo kila siku, anapepeta mchele na kuitika, nasi tukijifanya hatusikii.

Masika yakaja, unyevu ukazilegeza kanda. Mchana mmoja sauti ikakatika. Bibi akainua uso kutoka kwenye ungo. "Mbona kanyamaza?" Akainuka, akanifuata mlangoni kuniuliza kama nami sisikii. Nyuma yake hita ikaanguka, ikakipasua kigoda vipande viwili.

Akageuka, akakiona. "Basi, ameniaga," akasema, akavua blanketi. Hakutetemeka tena, hadi uzee ulipomchukua.

Baba mdogo alitaka nichukue jembe moja la ukumbusho. Nililivuta, halikutoka. Nilipogusa ukuta, ulikuwa na uvuguvugu, na nyumba ile umeme ulishakatwa. Nikabeba begi. Kizingitini nikasikia: krr, krr. Kanda zilishaoza zamani. Baba mdogo alisimama na nyundo mkononi, hakuupiga ukuta.

Bibi hayupo, kigoda hakipo, na kesho yake ukuta nao usingekuwepo. Hakuna mwingine ambaye angemwitika babu.

"Nipo," nikasema, nikatoka. Sijarudi tena.