Mama Yangu, Mume Wangu na Redio Moja

Mtoto wangu sasa anaenda nasari na anajua kuhesabu mpaka ishirini, na mimi bado nina hasira na watu wawili waliomkalisha katikati ya Mto Athi. Nawapenda wote. Lakini wacha niseme.

Tulikuwa tunaishi kwenye kambi ya kupima maji, chini ya Kanyangi, pale mto unapotenganisha upande wa Kitui na upande wa Makueni. Kazi yangu ilikuwa kusoma vibao vya kina vilivyosimikwa ukingoni, asubuhi na jioni, na kuandika kitabuni. Mume wangu alikuwa dereva wa boti ya injini. Boti ya pili ilikuwa ya makasia, na mwenye makasia alikuwa mzee mmoja, shemasi wa kanisa, ambaye hakuweza kuvuta kasia hata mara moja bila kuimba. Boti ikitoka, ilibeba redio ya mkononi. Redio nyingine ilibaki kwangu.

Kutumia hizo redio tulifundishwa mjini Kiboko kwa siku mbili. Mwalimu alikuwa baharia mstaafu kutoka Mombasa, akitufundisha sheria za bahari, sisi ambao wengi hatujawahi kuiona hata kwa mbali.

"Ukisikia meidei mara tatu," alisema, "acha kila kitu. Nyamaza. Sikiliza. Uliza wako wapi, ni wangapi, wana shida gani. Usipige kelele. Usilie."

Mama mmoja wa nyuma akainua mkono. "Na salamu je?"

"Baharini hakuna salamu, mama."

Darasa zima likanung'unika. Mtu anazama, sawa, lakini mtakosaje kusalimiana?

Basi. Mama yangu alikaa ng'ambo, upande wa Makueni. Nilimpelekea mtoto, wa miezi saba wakati huo, akae naye siku moja tu ili nimalize ripoti ya mwezi na kufua mablanketi. Siku moja! Kwetu hakukunyesha hata tone. Lakini huko juu kulinyesha, na asubuhi tukaukuta mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, unabeba miti na vibuyu vya watu. Siku tatu nilisimama ukingoni na blauzi iliyoloa maziwa, nikikamua na kumwaga chini, nikisikia mtoto analia ng'ambo. Au nilifikiri nasikia. Mama alikuwa anampa uji. Mtoto alikuwa anautema. Hiyo niliambiwa kwa mikono, kwa ishara, kutoka mita mia moja.

Siku ya nne maji yalishuka chini ya alama nyekundu ya kibao. Boti ya injini iliruhusiwa. Nikamwambia mume wangu, "Nenda uniletee mtoto wangu."

"Atashikwa na nani nikiendesha?"

"Na mama."

Akaanza kukagua injini iliyokuwa nzima. Nilijua kwa nini.

Kwetu Ukambani kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni heshima, ni haya, kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hawaangaliani. Hawaongei. Hawapeani kitu mkono kwa mkono. Mama yangu ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya, ameacha mila zote isipokuwa hii, ambayo anaishika kama mtihani. Tangu harusi yetu hawakuwa wamepeana hata neno moja. Wakikutana njiani, mama anaingia kichakani. Mume wangu naye si bora. Siku moja sokoni Kabati alimwona mama kwa mbali, akaingia kwa fundi wa majeneza, akapimwa.

Sasa hawa wawili ndio wangekaa kwenye boti moja, urefu wa mita nne.

Alienda. Nikawaona wakiondoka ng'ambo. Mama alikuwa amekaa mbele kabisa, kanga kichwani, mtoto mapajani, amempa mume wangu mgongo. Mume wangu alikuwa nyuma kwenye injini. Redio ilifungwa kwa kamba kwenye benchi la katikati, kama mpaka.

Walipofika katikati, injini ilikohoa ikazima. Gunia lilikuwa limejisokota kwenye pangaboi la injini. Maji yaliwazungusha yakawashusha, na boti ikabanwa na mkuyu mkubwa ulioanguka na kukwama mtoni, pua ikiangalia chini mto unakoelekea. Upande wa boti ulioelekea Kitui ukaanza kuinama.

Redio ikalia. "Meidei, meidei, meidei." Ilikuwa sauti ya mume wangu, imetulia kabisa, kama alivyofundishwa.

Nilikuwa nimeshaingia kwenye boti ya makasia. "Shemasi, twende!" Nikabonyeza. "Nimekusikia. Mko wangapi?"

"Watu wawili na mtoto."

Kukawa na mkwaruzo. Redio imebadilisha mikono, maanake imewekwa kwenye benchi na kuokotwa tena. "Hamjambo huko?" Huyo ni mama, kwa Kikamba mwaitu.

"Mwaitu, hakuna salamu kwa redio!"

"Nani amesema? Umelala vipi?"

"Vizuri, mwaitu."

"Haya. Mwambie huyo mwenye boti tuko watatu. Mtoto ni mtu."

Jamani. Wako umbali wa mita mbili tu. Anamsikia hata bila redio. Lakini nikabonyeza, nikasema, "Mama anasema mko watatu."

"Nimesikia," akajibu mume wangu. "Mwambie shikamoo yangu. Na umwambie asogee kushoto, boti inainama."

"Mwaitu, sogea kushoto!"

Mama akasogea kushoto. Kushoto kwake! Alikuwa anaangalia mto unakoshuka, na mume wangu, akihangaika na gunia, alikuwa anaangalia unakotoka. Walikuwa wamepeana mgongo kwa heshima, na kushoto kwa mmoja ni kulia kwa mwingine. Mama akaenda upande wa Kitui, uleule unaoinama, na maji yakaingia ndani ya boti kwa mkupuo mmoja. Nikaona nguo ya mama imelowa mpaka kiunoni. Nikasikia mtoto wangu, na hapo sikuwa nafikiri, alilia kweli.

Shemasi aliacha kuimba. Hicho ndicho kitu kilichonitisha zaidi.

"Nimesema kushoto!" mume wangu akapaza sauti redioni.

"Mwambie hiki ndicho kushoto," mama akasema. "Nimesoma mpaka darasa la nne."

"Mwambie kushoto kwangu!"

"Mwambie kwake sikujui, sijamwangalia!"

Yule baharia alisema usipige kelele. Huyo baharia hana mama. Nilipiga kelele ambayo shemasi anasema kasia lilitetemeka mkononi mwake. "Nyamazeni wote wawili! Hakuna kushoto tena mto huu! Mwaitu, nenda upande wa nyumbani kwako. Makueni! Baba mtoto, wewe kaa Makueni pia. Kila mtu Makueni!"

Wakaenda Makueni. Boti ikanyooka kidogo. Maji yakaacha kuingia.

Tuliwafikia kwa nyuma ya mkuyu, mahali maji yamepoa. Nilikuwa na kamba mkononi, na mtu wa kuidaka alikuwa mama, kwa sababu yeye ndiye alikuwa mbele. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa mtoto. Mume wangu hangeweza kumpita kwenda mbele. Angetembea tu, boti ingepinduka. Shemasi alikuwa anapiga makasia pale pale kutushikilia, mishipa ya shingo imesimama, na akasema polepole, "Mama mtoto, mimi sitaweza hivi kwa muda mrefu."

"Mwaitu," nikasema kwenye redio, "mpe mtoto baba yake."

Akamkaza mtoto kifuani.

"Nitamweka kwenye benchi, amwokote," mama akasema.

"Mwaitu, mtoto si redio!"

Nilimwona akiangalia mtoto. Nilimwona akiniangalia mimi, na blauzi yangu. Halafu mama yangu, mwanakwaya, aliyeingia vichakani miaka mitatu ili asikutane na mtu huyu, akageuka mzima mzima, akamwangalia machoni.

"Wewe!" akamwambia, bila redio, na sote tulisikia mpaka ng'ambo. "Shika mtoto! Shika kichwa, si miguu, hujawahi kushika mtoto?"

"Nimemshika, mama," mume wangu akasema.

Nikarusha kamba. Mama aliidaka kama anayedaka mbuzi aliyefungua zizi, akaizungusha kwenye ndoano ya boti mara tatu, akaikalia. Shemasi akaanza tena wimbo wake, kutoka pale alipouacha, na tukawavuta kasia kwa kasia, pole pole, mpaka mchanga wa Kanyangi.

Nilimchukua mtoto hata kabla boti haijasimama. Nilikaa kwenye matope nikamnyonyesha, na alinyonya kwa hasira, akinishika nywele, akivuta, kama mtu anayeuliza nilikuwa wapi. Nilimjibu kwa hasira vilevile. Tulielewana.

Mama alikuwa anatetemeka. Mume wangu akachukua blanketi la kufunikia injini, akamfunika mabegani, kisha akakumbuka alichofanya na kurudi nyuma hatua tatu.

Shemasi akacheka mpaka akakaa chini. Kwetu mwanamume akitaka nthoni iishe, humpa mama mkwe mbuzi na blanketi, mbele ya watu. "Blanketi tumeliona," akasema. "Mimi ni shahidi. Imebaki mbuzi."

Mama akanusa blanketi. "Hili? Lina mafuta ya injini. Nthoni yangu haiwezi kuisha kwa tambara."

"Nitaleta lingine, mama," mume wangu akasema, akiangalia miguu yake.

"Jipya. La kutoka Kabati. Si la kijivu."

Alileta jekundu, na mbuzi pia. Tangu hapo hawanyamazi. Wanabishana mezani, wanabishana kanisani wakati wa matangazo, na wanabishana kila siku ni nani alikuwa kushoto. Kila mmoja anasema mwingine alikuwa amekaa vibaya, na wananiita mimi niamue, kana kwamba sikufanya kazi ya kutosha siku ile.

Juma lililofuata mto ulipungua, na mama akataka kurudi kwake. Nilikuwa kibaoni nikisoma kina, mtoto mgongoni. Nilimpa redio aiweke kwenye benchi la katikati.

Akanirudishia. "Baki nayo," akasema. Akaingia kwenye boti, akakaa mbele, halafu akajigeuza, akakaa uso kwa uso na mume wangu, magoti yao karibu kugusana. Kabla injini haijawaka vizuri nilishamsikia akimwambia kuna gunia kule mbele, na ajaribu kuliona mapema safari hii.